Seli Zinavyoogelea: Mota ya Bakteria, Mkia wa Mbegu na Kimelea cha Malale

Novemba 6, 1880, katika hospitali ya jeshi la Ufaransa mjini Constantine, Algeria, daktari Alphonse Laveran alikuwa akitazama kwa hadubini tone la damu mbichi ya askari mwenye homa. Damu ile hakuikausha wala kuitia rangi. Pembeni mwa kijiduara chenye punje nyeusi aliona nyuzi nyembamba zimechomoza, zinachapa huku na huku kwa nguvu na kuzipiga vikumbo seli nyekundu zilizo jirani. Madaktari wenzake walishaziona punje nyeusi kama zile kwenye damu ya wagonjwa wa malaria, ila hawakuzihesabu kuwa dalili ya kiumbe. Laveran, baada ya kuona uchapaji ule, hakuwa na shaka tena: kinachojitupa namna ile kiko hai. Hivyo ndivyo kimelea cha malaria kilivyogunduliwa, na mwaka 1907 akapewa Tuzo ya Nobel.

Alichokiona, ingawa hakukijua kwa jina hilo, ni mbegu za kiume za malaria. Kimelea cha kiume kikinyonywa na mbu, hutoka kwenye joto la mwili wa mtu na kuingia tumboni mwa mdudu, ambako joto ni la chini na mna kemikali ya kukiamsha. Ndani ya dakika 15 hivi hunakili vinasaba vyake mara tatu, hujenga mikia minane, na mbegu nane huchomoka kwa pamoja kutafuta za kike. Kioo cha hadubini kilikuwa na ubaridi wa kutosha kukifanya kimelea cha askari yule kianze kazi hiyo mbele ya macho ya daktari.

Mkia wa namna hiyo wanabiolojia huuita flajela. Wengi wetu tulifundishwa sekondari kwamba flajela ni mkia mrefu unaoisaidia seli kuogelea. Tukachora bakteria mwenye mkia, mbegu ya kiume yenye mkia na kimelea cha malale chenye mkia, tukapata maksi zetu, tukasonga mbele. Maelezo hayo yana pengo kubwa. Mkia wa bakteria na mkia wa mbegu ya kiume hauna undugu hata chembe. Kila mmoja umejengwa kwa protini zake, unakula nguvu ya aina yake, na hata mwendo haufanani: mmoja huzunguka, mwingine hujipinda. Anayeichanganya mikia hii miwili hataelewa kwa nini kuna watu wanaozaliwa moyo ukiwa upande wa kulia, wala kwa nini homa ya papasi huvuka hadi kwa mtoto aliye tumboni. Kwa hiyo tuitenganishe.

Maji kwa aliye mdogo

Kwanza tujue maji yalivyo kwa kiumbe mwenye urefu wa mikrometa 2, yaani sehemu mbili za elfu ya milimita. Mvuvi akiacha kupiga kasia, mtumbwi wake huendelea kuteleza kwa muda, kwa kuwa uzito wake ulishapata mwendo. Bakteria hana bahati hiyo. Uzito wake ni wa kupuuzwa, na mnato wa maji umemkamata kila upande. Mwaka 1977 mwanafizikia Mmarekani Edward Purcell alieleza kwa hesabu kwamba bakteria akiacha ghafla kujisukuma, husimama kabla hajateleza hata upana wa atomi moja.

Linalofuata ni gumu zaidi kulikubali. Mvuvi yule anaweza kulivuta kasia kwa nguvu kwenda nyuma, kisha akalirudisha mbele taratibu bila kulitoa majini, na mtumbwi ukasogea. Kwa bakteria, nguvu na taratibu ni mamoja. Kiungo kikienda na kurudi kwa njia ile ile, hata kama kimekwenda kasi na kurudi polepole, kiumbe hujikuta pale pale alipoanzia. Hivyo mwenye kiungo kimoja cha kufungua na kufunga hafiki popote. Anahitaji mwendo ambao ukiuchezesha kinyumenyume hautafanana na wa awali. Njia mbili zinatimiza sharti hilo: kuzungusha uzi wenye umbo la skrubu, au kupitisha wimbi kwenye uzi unaopindika. Bakteria wana ile ya kwanza. Seli zenye kiini, zetu zikiwemo, zina ya pili.

Mota ya kweli

Mchukue Escherichia coli, bakteria anayeishi utumboni mwa karibu kila mmoja wetu. Ana flajela nne hivi, pengine zaidi, zilizochomoza sehemu mbalimbali za mwili. Kila moja ni uzi uliosokotwa kwa umbo la skrubu, unene wake nanometa 20 tu, urefu wake ukiushinda mwili wa bakteria mara kadhaa. Uzi huo ni mlolongo wa molekuli zipatazo 20,000 za protini moja iitwayo flajelini. Wenyewe haujipindi wala haujisukumi. Ungeukata ukauacha majini, ungebaki umelala. Nguvu yote iko kwenye shina, pale unapoingia mwilini kupitia kiungo kifupi kinachonyumbulika.

Chini ya kiungo hicho kuna mota. Nasema mota kwa maana yake halisi: ina pete za protini zinazozunguka, zina upana wa nanometa 45 hivi, na kuzizingira kuna vipande vilivyoshikizwa kwenye ukuta wa seli ambavyo havizunguki. Bakteria anapovunja chakula chake, husukuma protoni, yaani chembe za hidrojeni zenye chaji chanya, nje ya utando, zikarundikana huko. Protoni hizo hutaka kurudi, na mojawapo ya milango zinayoruhusiwa kupita ni vile vipande vilivyoshikizwa. Kila zikipita, kipande hubadili umbo na kuisukuma pete hatua moja. Mzunguko mzima hugharimu protoni elfu moja na ushei. ATP, ile molekuli inayobeba nishati kwa karibu kazi zote za mwili, haihusiki hapa. Katika mwendo wa kawaida mota huzunguka zaidi ya mara 100 kwa sekunde. Bakteria wa baharini Vibrio alginolyticus, ambaye hutumia ioni za sodiamu badala ya protoni, amepimwa akifikisha mizunguko 1,700 kwa sekunde.

Kwa miaka mingi watafiti wengi waliamini flajela ya bakteria hupunga tu, kama zinavyofanya nyingine. Mwaka 1973 Howard Berg na Robert Anderson walijenga hoja kwamba ushahidi uliopo unaelekea kwenye mzunguko. Mwaka uliofuata Michael Silverman na Melvin Simon wa California wakalimaliza suala kwa jaribio ninalolipenda kwa wepesi wake. Walitumia kingamwili, yaani protini za kinga ya mwili, zinazoshika flajela, wakazinatisha kwenye kioo, kisha wakaweka bakteria juu yake. Mkia ukanaswa, mwili ukabaki huru. Kama mkia hupunga, mwili ungetikisika. Walipochungulia kwenye hadubini, bakteria walikuwa wakizunguka mahali walipo, mwili mzima, mara mwelekeo huu, mara wakigeuza kwenda mwelekeo wa pili. Hapakuhitajika hesabu yoyote ya ziada.

Ujenzi wa uzi wenyewe nao unashangaza. Nywele zetu hukua kutokea kwenye shina, sehemu kongwe ikisukumwa nje. Flajela ya bakteria hukua kwenye ncha. Uzi una tundu katikati lenye upana wa nanometa 2 hivi. Molekuli za flajelini hunyooshwa, hupenyezwa kwenye tundu hilo kutoka ndani ya seli, husafiri urefu wote wa uzi, na zikifika mwisho hujikunja na kujipachika chini ya kifuniko kidogo cha protini kinachokaa nchani. Ukikatika, hurefuka tena. Bakteria hutenga takriban vinasaba 50 kwa ajili ya mtambo huu na usukani wake, na kwa kiumbe mdogo kiasi hicho huo ni mzigo. Aishiye pasipo haja ya kusafiri huuzima.

Sasa swali la usukani. E. coli huenda kasi ya mikrometa 20 hadi 30 kwa sekunde, zaidi ya mara kumi ya urefu wake, lakini hana macho, na mota yake inajua mambo mawili tu: kuzunguka kinyume cha saa au kufuata saa. Zikizunguka zote kinyume cha saa, nyuzi hujikusanya kuwa fungu moja nyuma ya mwili na bakteria hunyoosha mbele. Hata mota moja ikigeuza, fungu hufumuka na bakteria hupinduka pinduka pale pale. Baada ya sehemu ya kumi ya sekunde hivi, nyuzi hukusanyika upya, naye huondoka kwenye uelekeo ambao hakuuchagua.

Safari za kubahatisha namna hii zinamfikishaje kwenye sukari? Robert Macnab na Daniel Koshland walionyesha mwaka 1972 kwamba bakteria hulinganisha nyakati: ladha ya maji sasa hivi na ladha ya sekunde chache zilizopita. Kumbukumbu hiyo huhifadhiwa kwa alama za kemikali kwenye vipokezi vyake. Ladha ikizidi kuwa nzuri, hukawia kupinduka. Ikipungua, hupinduka mapema na kubahatisha njia nyingine. Kila hatua ni nasibu, ila hatua zinazoelekea kuzuri hurefuka, na jumla yake ni kwamba anafika. Sijui usukani mwingine unaotenda mengi hivi kwa amri chache hivi.

Katika magonjwa yetu mtambo huu una sura nyingi. Bakteria wa kipindupindu ana flajela moja tu nchani, inayoendeshwa kwa sodiamu, na ndiyo inayompenyeza kwenye ute hadi kwenye ukuta wa utumbo mwembamba. Helicobacter pylori, chanzo kikuu cha vidonda vya tumbo, ana flajela kadhaa upande mmoja, lakini ute wa tumbo ni mzito kiasi kwamba flajela peke yake isingetosha. Hutoa kimeng'enya kinachovunja urea na kuzalisha amonia. Asidi iliyomzunguka hupungua, na ute uliokuwa umeganda hulainika mbele yake, ndipo anapopita.

Ila anayestahili kutazamwa kwa makini katika ukanda wetu ni bakteria wa homa ya papasi, Borrelia duttonii. Papasi hujificha kwenye nyufa za sakafu na kuta za udongo, hutoka usiku, hunyonya damu kwa muda mfupi na kurudi mafichoni, hivyo aliyeumwa huweza kuamka asijue. Mkoani Dodoma na kwingineko katikati ya Tanzania homa hii imewatesa hasa wajawazito na watoto wachanga. Robert Koch alikuja kuichunguza katika koloni la Wajerumani Afrika Mashariki, akaona kwamba papasi huwarithisha watoto wake maambukizi kupitia mayai. Joseph Everett Dutton, ambaye bakteria huyu amepewa jina lake, aliichunguza Kongo na ikamuua huko mwaka 1905.

Ukimtazama bakteria huyu kwenye hadubini huoni mkia wowote. Unaona mwili mrefu mwembamba wenye mawimbi, unaojisokota na kusonga. Flajela anazo, tena nyingi, lakini zimelala ndani, kati ya utando wa ndani na ule wa nje, zimefungwa kwenye mota ncha zote mbili. Zinapozunguka, ni mwili mzima unaolazimika kupiga mawimbi. Faida yake inaonekana penye uzito: bakteria mwenye mikia ya nje akiingia kwenye ute mzito hukwama, ilhali huyu hupenya vizuri. Ndiyo sababu hatulii kwenye damu peke yake. Huingia kwenye ubongo na huvuka kondo la nyuma hadi kwa mtoto. Bakteria wa kaswende na wale wa leptospirosisi wamejengwa kwa mpango huo huo.

Kuna na aina ya tatu ya mkia. Akea, viumbe wa seli moja ambao kwa macho hufanana na bakteria, nao huzungusha uzi, lakini mtambo wao haukutokana na ule wa bakteria, na wao huuendesha kwa ATP. Kuzungusha uzi, basi, kulitokea zaidi ya mara moja katika historia ya uhai.

Mkia unaojipinda

Tuingie upande wetu. Flajela ya mbegu ya kiume ni nene mara kumi na zaidi kuliko ya bakteria, na imefunikwa na utando wa seli tangu shina hadi ncha. Ukiikata kwa upana na kuitazama kwa hadubini ya elektroni, unaona mpangilio ambao ukishauona mara moja hutausahau: jozi tisa za vijirija zimejipanga duara, na vijirija viwili vimesimama katikati. Mpangilio huo uko kwenye mbegu ya kiume ya mtu, kwenye mwani wa bwawani, kwenye kimelea cha malale na kwenye vinyweleo vya njia zetu za hewa. Vinyweleo hivyo huitwa silia, na kwa ndani silia na flajela ya aina hii ni kitu kimoja. Silia ni fupi na hukaa kwa wingi, flajela ni ndefu na hukaa moja au chache. Hakuna tofauti nyingine kubwa.

Kila jozi ina mikono midogo ya protini iitwayo daineni, iliyogunduliwa na Ian Gibbons miaka ya 1960. Mkono huo huchoma ATP, hushika jozi ya jirani, huivuta hatua moja na kuiachia, kisha hurudia. Mikono iko maelfu, imejaa urefu wote wa mkia. Kwa hiyo injini haiko shinani kama kwa bakteria. Mkia wenyewe ndio injini.

Lakini jozi kuvutana zikateleza si sawa na mkia kupinda. Kuteleza kunageukaje kuwa kupinda? Jibu lilipatikana mwaka 1971, Gibbons na Keith Summers walipochukua mikia ya mbegu za kiume za yule mnyama wa baharini mwenye miiba anayewachoma waogeleaji miambani. Walivua utando wake, wakaiweka kwenye kimeng'enya kinachotafuna viungio vinavyozifunga jozi pamoja, kisha wakatia ATP. Mikia haikupinda. Jozi ziliteleza moja juu ya nyingine na kutoka nje, mkia ukarefuka mpaka ukaachana. Ni viungio, basi, pamoja na shina lililozikaza zote, ambavyo huzizuia jozi zisitoroke. Zikivutana zisipate pa kwenda, mkia hauna budi kupinda. Daineni za upande mmoja zikifanya kazi huku za upande wa pili zimepumzika, kisha zikapokezana, pindo husafiri toka shina hadi ncha, na mbegu husonga mbele.

Mbegu ya kiume ya binadamu ina urefu wa mikrometa 50 hadi 60, na kichwa kilichobeba vinasaba ni mikrometa 5 tu. Zilizobaki ni mkia. Ikikaribia yai hubadili mwendo: mapigo yake huwa mapana na ya kujitupa upande. Kinachoiwasha ni kalisi inayoingia kupitia milango maalumu ya mkia iliyogunduliwa mwaka 2001, na homoni ya projesteroni inayotoka kwenye seli zilizolizunguka yai ndiyo huifungua milango hiyo. Kuna wanaume ambao milango hiyo ina hitilafu ya kurithi, na mbegu zao hushindwa kulifikia au kulipenya yai ingawa kwa idadi hazina upungufu. Nayasema haya kwa makusudi. Katika jamii zetu ndoa ikikosa mtoto, lawama humwendea mke kwanza, na wako waume wanaokataa katakata kupimwa. Kipimo cha manii hakihesabu mbegu tu. Hutazama ni ngapi zinazokwenda mbele, na mwendo huo ni suala la daineni na kalisi, haliingiliani na uanaume wa mtu.

Silia hazisafirishi seli, husafirisha kilicho juu yake. Katika njia zetu za hewa kila seli yenye silia ina takriban 200, kila moja ikiwa na urefu wa mikrometa 6 au 7, zikipiga mara 10 hadi 15 kwa sekunde usiku na mchana. Kila pigo lina sehemu mbili zisizofanana, kama inavyodai ile sheria ya kutorudi kwa njia ile ile: silia hunyooka na kuusukuma ute kwa ncha, kisha hurudi ikiwa imejikunja na kulala chini chini. Vumbi, moshi wa kuni na vijidudu vilivyonasa kwenye ute hupelekwa juu hadi kooni, tukavimeza bila kutambua. Moshi wa sigara huzilemaza, ndiyo maana mvutaji hukohoa sana asubuhi: kikohozi kinafanya kazi ya silia. Kifaduro huzishambulia moja kwa moja, kwani bakteria wake hujishikiza kwenye silia na kutoa sumu inayoua seli zake. Mtoto huendelea kukohoa kwa wiki nyingi.

Mwaka 1933 daktari Manes Kartagener wa Zurich aliandika kuhusu wagonjwa waliokuwa na mambo matatu ambayo hayakuonekana kuhusiana: mapafu yenye makohozi yasiyokwisha, mafua sugu, na viungo vya ndani vilivyogeuka, moyo ukiwa kulia na ini kushoto. Mwaka 1976 Björn Afzelius, aliyekuwa akichunguza wanaume wasiozaa huko Sweden, aligundua kwamba mikia ya mbegu zao haikuwa na mikono ya daineni, na kwamba baadhi yao walikuwa na dalili zile zile za Kartagener. Kifua na uzazi vikaeleweka mara moja, maana ni mtambo mmoja. Lakini moyo kulia?

Jibu lilitoka kwenye kiinitete cha panya, katika maabara ya Nobutaka Hirokawa jijini Tokyo, mwaka 1998. Kiinitete kikiwa bado hakina moyo wala ini, huwa na kishimo kidogo kilichotandikwa seli zenye silia moja moja. Silia hizo hazina vile vijirija viwili vya katikati, na badala ya kupiga kwenda na kurudi, huzunguka zikiwa zimeinamia nyuma. Mzunguko huo husukuma majimaji kuelekea kushoto. Mkondo huo dhaifu ndio huuambia mwili upi ni upande wa kushoto, na vinasaba vya upande huo huwaka. Silia zisipofanya kazi, mkondo haupo, na mwili huamua kwa bahati nasibu. Hiyo ndiyo sababu takriban nusu tu ya wenye ugonjwa huu wa silia huzaliwa na viungo vilivyogeuka, si wote.

Malale

Kimelea cha malale, Trypanosoma brucei, ndiye muogeleaji aliyetugharimu zaidi. David Bruce alikiona kwenye damu ya ng'ombe wenye nagana huko Zululand katikati ya miaka ya 1890. Muda si mrefu baadaye mlipuko wa malale ukaanza kando ya Ziwa Viktoria upande wa Uganda, Busoga ikiumia kuliko pote, na hadi kufikia mwaka 1920 watu zaidi ya 200,000 walikuwa wamekufa. Visiwa na mwambao wa ziwa upande huo vilihamwa. Ilikuwa mwaka 1903, Bruce akiwa Entebbe, ilipothibitika kwamba mbung'o ndiye anayekisambaza.

Flajela ya kimelea hiki ina mpangilio ule ule wa tisa na mbili, ila haining'inii nyuma. Hutoka kwenye kifuko kidogo karibu na mwisho wa mwili, kisha hupanda kuelekea mbele ikiwa imegandishwa ubavuni, na ncha yake hupita mbele ya mwili. Mawimbi huanza kwenye ncha na kushuka kuelekea shina, kinyume cha mbegu ya kiume. Kwa hiyo kimelea huenda flajela ikitangulia, na mwili mzima hupindika nayo.

Kumbuka kimelea hiki huishi wazi kwenye damu, hakijifichi ndani ya seli kama cha malaria. Kinga ya mwili hukiona. Ngozi yake imefunikwa na protini ya aina moja, nakala zipatazo milioni 10, na mara kwa mara baadhi ya vimelea hubadili aina hiyo ili kinga ipotee njia. Hilo linajulikana sana. Lisilojulikana sana ni lile ambalo Markus Engstler na wenzake walilionyesha Ujerumani mwaka 2007: kuogelea kwenyewe ni kinga. Kingamwili zikijibandika kwenye ngozi yake, zinakuwa vitu vilivyochomoza kwenye mkondo. Kimelea kikisonga mbele, majimaji yanayopita huzikokota kingamwili hizo nyuma hadi kwenye kile kifuko, mahali pekee ambapo seli humeza vitu vya nje. Humezwa na kusagwa humo. Zikiwa chache, ngozi husafishwa ndani ya dakika chache. Kimelea hakiogelei ili kifike mahali tu, huogelea ili kijioshe.

Watafiti wakizima protini muhimu za flajela katika kimelea cha hatua ya damuni, kimelea hushindwa hata kugawanyika na hufa. Ndani ya mbung'o nako flajela ina kazi: baada ya safari ya wiki kadhaa kutoka utumboni, kimelea hujishikiza kwa flajela hiyo kwenye tezi za mate. Kwa wafugaji wetu mojawapo ya yaliyoleta nafuu ni kumwondoa mbung'o mwenyewe. Unguja ilimtokomeza katika miaka ya 1990 kwa kuachia madume yaliyohasiwa kwa mionzi.

Si kila seli inayosafiri ina mkia. Seli nyeupe za damu hutambaa kwa kurefusha mwili upande wa mbele, zikisukumwa na nyuzi za protini iitwayo aktini. Hata kimelea cha malaria, nje ya ile hatua ya mbegu za kiume, hakina flajela kabisa: kile ambacho mbu hututia ngozini huteleza kwa mtambo wa aktini na mayosini, protini nyingine inayoivuta aktini, uliofichwa chini ya utando, zaidi ya mikrometa moja kwa sekunde, kikitafuta mshipa wa damu.

Kwa mtaalamu wa maabara mwendo ni ushahidi. Kwenye tone la damu lisilotiwa rangi, kinachomvuta kwanza macho kwa mgonjwa wa malale ni seli nyekundu zinazotikiswa, kimelea chenyewe huonekana baadaye. Bakteria wa kipindupindu kwenye choo cha majimaji hupita kwa mbio za kukata, na tone la kingamwili zinazomlenga likiongezwa husimama wote, jambo linalomtambulisha ni nani. Trichomonas, kimelea cha zinaa chenye flajela tano, hulingana ukubwa na seli nyeupe, na kinachovitofautisha kwa haraka ni mwendo wake wa kushtuka shtuka. Sampuli ikiachwa mezani ikapoa, mikia husimama, na kimelea huweza kupita mbele ya macho kikahesabiwa kuwa usaha wa kawaida. Mgonjwa akitoa sampuli hiyo, isomwe pale pale ingali na joto.